Mwavuli wa Mkwe Wangu

Wewe uliyelala na mguu umening'inizwa kwa kamba na vyuma, unatazama dari mpaka umejua kila msumari, nasema na wewe. Watu watakuja kukuona na watakuambia, "Pole, ajali haina kinga." Waitikie vizuri, maana wametoka mbali na pengine wamekuletea ndizi. Lakini moyoni usikubali. Yangu ilikuwa na kinga, na nilipata muda mrefu sana wa kulala chali nikiifikiria.

Mimi ni mama wa kabila la Wamarachi. Kwa miaka mingi nimeuza mihogo mikavu na mtama katika soko la Busia, hapo karibu na mpaka, na mdomo wangu unajulikana soko zima. Bwana wangu ni Mzee Ouma, mkulima, mtu wa maneno machache na hasira ndefu. Mungu alituachia mtoto mmoja tu aliye hai, msichana, Ajiambo. Ajiambo aliolewa na kijana anaitwa Wandera. Na huyo Wandera ndiye aliyenigonga na gari.

Ngoja, usimlaani bado. Mimi nilishamlaani kiasi cha kututosha sote.

Kwetu mama mkwe na mkwe wake hawakutani uso kwa uso. Hawashikani mkono, hawali pamoja, hawaongei moja kwa moja. Mkikutana njiani, kijana anaingia majanini huku, mama anaingia majanini kule, kila mtu anageuza uso, mnapitana, kisha mnarudi njiani. Si uadui, ni heshima. Mimi niliishika heshima hiyo kabisa, na Wandera pia, siwezi kumnyima sifa yake. Tangu amwoe mtoto wangu sikuwa nimemwona uso vizuri. Nilimjua kwa kikohozi na kwa kofia yake ya kijivu.

Alipomwoa Ajiambo alikuwa mtu wa baiskeli, wale wanaobeba watu kutoka kizuizi cha Kenya mpaka cha Uganda. Akiniona kwa mbali alikuwa anashuka, anasukuma baiskeli mpaka majanini, anangoja nipite. Hatukuwahi kusumbuana hata siku moja. Halafu ikaja ile miaka ya kahawa, kahawa ya Uganda ilipokuwa inavuka kwa njia za panya, na vijana wa Busia na Malaba wakapata pesa kama waliookota. Wengi walinunua gari kwanza, kuendesha wakajifunza baadaye, tena kwa migongo yetu. Wandera alinunua gari dogo la rangi ya maziwa. Mtoto wangu akaanza kwenda kanisani amekaa mbele, mkono umetoka dirishani. Nisiwe mwongo, nilifurahi.

Siku hiyo ilikuwa siku ya soko, wakati wa kupanda. Malori yalikuwa yamesimama upande mzima wa barabara yakingoja forodha, na sisi wenye mizigo tulikuwa tunapenya katikati yao kama panya. Nilitokea kati ya malori mawili na kikapu cha mihogo kichwani. Nikaliona lile gari la rangi ya maziwa linakuja mbio. Nikajua ni mkwe. Mtu mwenye akili angerudi nyuma. Mimi nilifanya vile miguu yangu ilivyozoea tangu nizae msichana, nikaruka pembeni, nikageuza uso. Naye aliniona. Naye akafanya vile alivyofundishwa na mama yake, akageuza uso upande ule mwingine, na mikono ikaufuata uso, na gari likaifuata mikono. Likaja kule kule nilikokuwa nimejificha.

Desturi yetu ilitengenezwa na watu wa miguu. Ilikuwa haijui gari.

Na hilo si lote. Wandera alitoka garini akaninyanyua, akanibeba mikononi kama mtoto mchanga, mguu ukining'inia. Mkwe wangu! Alinishika mapaja! Wanawake wenzangu wa sokoni walipiga yowe mara mbili, ya kwanza nilipogongwa, ya pili aliponibeba, na hiyo ya pili ilikuwa kubwa zaidi. Wengine walijifunika macho na khanga. Mimi sikuwa na nguvu ya kujifunika chochote. Nakumbuka tu kifua chake kinapigapiga sikioni mwangu na sauti inasema, "Yaaye, mayi, yaaye, mayi," mama, mama, bila kukoma.

Walinipeleka hospitali kubwa, mwendo wa saa mbili kwa gari kutoka kwetu. Mvua zote za masika zilinyesha juu ya mabati yale mguu wangu ukiwa juu na mimi chini. Wenzangu walipanda, wakapalilia, mtama ukafika magotini, mimi nipo pale pale. Kisha wakanifunga plasta. Walipoikata plasta, harufu iliyotoka ilimfanya sista afungue dirisha. Usaha. Daktari alibonyeza, akatikisa kichwa, akaniambia mfupa umeingia ugonjwa, sehemu yake imekufa ndani kwa ndani. Wataosha, watanidunga sindano, watajaribu.

"Na mkishindwa?"

"Tukishindwa, mama, tutakata ili tukuokoe wewe."

Nilikuwa mama wa kujaza mlango. Kufikia wakati wa kuvuna, nywele zilikuwa zinabaki kwenye mto, pete ilikuwa inaanguka kidoleni, na ule mguu ulikuwa umekonda kama kijiti cha muhogo. Nilikuwa nauangalia wakati wa kuoshwa na kuuona kama mguu wa mgeni. Nililia sana. Usiambiwe na mtu kwamba kulia kunaharibu dawa.

Huko nyumbani mambo yalikuwa mabaya kuliko kitandani. Wazee walikaa wakasema Wandera alete mbuzi wa kuondoa aibu ya kunishika. Akaleta wawili. Mzee Ouma akawaacha wamefungwa nje, hakuwaingiza zizini, hakuwarudisha. Akaenda kwa Wandera akamchukua Ajiambo, akamrudisha nyumbani na sanduku lake.

"Mbuzi ni wa aibu," alisema mbele ya wazee wote. "Mguu je? Mguu ukipona, mtoto atarudi kwake. Mguu ukikatwa, na hii ndoa imekatwa."

Tangu siku hiyo mguu ukawa si wangu tena. Kila mtu aliyekuja alisalimia donda kwanza, mimi baadaye. Wanasema mgonjwa haulizwi uji, na kweli Ajiambo hakuniuliza, alinipikia asubuhi na jioni akilia juu ya sufuria. Nikanywa uji wa chumvi mwezi mzima.

Maana hospitali walikuwa wameniruhusu nirudi nyumbani, na magongo mawili, kwa sharti nirudi kila wiki kuoshwa na kudungwa. Sista alinishika kidevu kama mtoto. "Ukikosa hata mara moja, mama, usiniambie mimi ulikuwa na shamba." Sasa nitafikaje? Wandera akatuma mtu: gari liko tayari, litamchukua mama mpaka mlangoni. Mzee Ouma akachukua jembe akaenda shambani. Mimi nilijibu. Nilisema siingii.

"Mama," Ajiambo aliniambia, "unataka hii mguu ikatwe kwa sababu ya aibu?"

"Nataka usikatwe na gari lile lile."

"Unaniharibia nyumba yangu! Wewe na baba!"

Hakuwahi kunipandishia sauti tangu azaliwe. Ukweli ni kwamba aibu ilikuwa nusu tu. Nusu nyingine ilikuwa woga mtupu. Nikisikia injini ya gari dogo tu, jasho lilikuwa linanitoka mpaka bandeji inalowa.

Kulikuwa na basi. Mwenyewe alikuwa Mwislamu mmoja wa Busia mjini, mwenye duka la nguo, na kondakta wake aliitwa Juma, kijana wa kelele lakini moyo mzuri. Basi lilikuwa linapitia hospitali na kurudi siku hiyo hiyo. Siku ya kwanza nilifika na magongo yangu, nikiwa na hofu kwamba nitakosa mahali pa kunyoosha mguu. Juma akaruka chini.

"Mama, kiti chako cha nyuma kimeshikwa. Kizima. Nyoosha mguu mpaka uchoke."

"Nani amenishikia?"

Akaonyesha mbele kwa kidevu. Karibu na dereva nikaona kofia ya kijivu na ncha ya mwavuli mweusi. Kofia haikugeuka.

"Gari lake liko wapi?"

"Amelifunika turubai. Kuku wanatagia ndani."

Wazee waliposikia tumepanda basi moja walibishana jioni nzima. Mwisho wakasema basi si nyumba ya mtu, basi ni kama soko, na soko halina mkwe, ilimradi yeye awe mbele na mimi nyuma. Nikashukuru. Basi ikawa hivyo kila wiki: yeye mbele, mimi nyuma, na watu wote wa njia hiyo katikati yetu. Maneno yalipita kwa Juma.

"Mama! Jamaa anauliza mguu uko aje!"

"Mwambie uko pale alipouacha!"

Basi zima likaangua kicheko. Halafu nikaona ile kofia imetolewa kichwani, imewekwa magotini, na kisogo chake kimeinama. Kicheko kikafa chenyewe. Nilijisikia vibaya, lakini sikuyarudisha maneno. Nilikuwa na maumivu, na maumivu hayana adabu.

Watu walimcheka, usifikiri hawakumcheka. Mwenye gari anapanda basi! Siku moja mfanyabiashara mmoja wa Malaba alimwuliza kwa sauti, Wandera, gari limekufa? Nilimsikia akijibu polepole, "Gari ni mzima. Lakini hebu hesabu hawa watu wa hii basi. Kila mtu akija na yake, mama yangu atapita wapi?" Yule mtu akanunua mahindi dirishani.

Mimi mama yake! Niligeukia dirishani, nikafuta jicho na ncha ya leso.

Huko hospitali kulikuwa na benchi refu la watu wa mifupa. Wewe utalijua, kila hospitali inalo. Mimi siwezi kukaa kimya, kwa hiyo nilimwuliza kila mtu, wewe wapi? Huyu alikuwa kwenye baiskeli, gari la kahawa likamsukuma mtaroni. Yule alitokea kati ya malori kama mimi, huko Malaba. Bibi mmoja wa Amukura alikuwa ametoka tu kuteka maji. Benchi zima, mpaka mwisho kule mlangoni, lilikuwa kazi ya barabara. Na Wandera alikuwa anasimama nje ya mlango, mgongo kwetu, anasikia yote. Kama ningetaka kumwadhibu, nisingepata fimbo kama benchi lile.

Jirani yangu wa benchi alikuwa Mzee Emojong, Mteso wa Angurai, ambaye mguu wake ulikuwa umekatwa tayari. Alikuwa ananiambia, "Mama, vidole bado vinawasha. Mimi nakuna hewa." Tulikuwa tunacheka mpaka tunashikana. Wiki moja hakuja. Wiki iliyofuata pia hakuja. Nikamwuliza sista, naye akanipangusa donda taratibu kuliko kawaida, akasema damu ya mzee ilikuwa imeharibika, wameshamzika. Siku hiyo njiani Juma aliita mara mbili kutoka mbele, "Jamaa anauliza mguu," na sikujibu.

Kiangazi kilipofika daktari alisema hatuwezi kungoja. Watafungua, watatoa mfupa uliokufa. Wakikuta umeenda mbali, watakata hapo hapo. Niliweka kidole gumba kwenye karatasi, maana mkono ulikataa kuandika. Ajiambo alinishika mkono mpaka mlango wa chumba cha kupasuliwa, akaniambia, "Mama, hata ukikatwa nitakaa na wewe," na nikajua amesema hivyo kwa moyo wote na kwamba moyo huo umepasuka vipande viwili.

Nilipozinduka, mdomo mkavu, kichwa kizito, chini ya kiuno sikusikia kitu. Kulikuwa na blanketi limeinuliwa juu ya waya. Niliogopa kufunua. Ajiambo alikuwa ameenda kutafuta maji. Mlangoni niliona mgongo na mwavuli.

"Sista," nikasema, "mwulize huyo mtu kama mguu upo."

Sista akamwuliza. Wandera akasema bila kugeuka, "Sista, mimi siwezi kuangalia. Nimesimama hapa tangu asubuhi, hakuna mtu ananiambia. Wewe niambie, kama upo."

Sista alitutazama, mmoja kitandani, mmoja mlangoni. "Ninyi watu wa Busia mtaniua!" akasema, akatupa blanketi. Ulikuwepo. Umefungwa, umevimba, mbaya kama nini, lakini ulikuwepo, na vidole vitano mwishoni. Nilipiga yowe. Na kule mlangoni nikasikia mwavuli umeanguka sakafuni na mtu mzima analia kwa kwikwi.

Usidhani iliishia hapo. Hii ndiyo sehemu ambayo hakuna aliyenionya. Donda lilikauka, likafunguka tena. Mvua zikarudi, kumbikumbi wakaruka, watoto wakawakamata kwa mabeseni, na mimi bado naenda na basi. Mzee Ouma hakulegeza neno. Alisema mguu unaovuja haujapona. Mbuzi wakazaa nje kule kule walikofungwa.

Na barabara ilikuwa pale. Asubuhi wanawake wenzangu walinisaidia kwa njia yao. Siku moja ya soko walifika kabla ya malori, wakapanga vikapu vyao vyote pembeni mwa barabara, wakavikalia. Madereva wakapiga honi, chifu akaitwa, matusi yakatoka ambayo sitayarudia. Mwisho chifu akaamua malori yangoje mbali, nje ya soko, na basi lisimame upande wetu, tuone na tuonekane. Lakini jioni basi lilikuwa linarudi kwa upande wa pili, linaniacha ng'ambo ya barabara. Kila jioni nilikuwa nasimama ukingoni mpaka Juma anivushe. Mguu ulikuwa unapona, lakini mwenye mguu bado.

Halafu siku moja sista akabonyeza kovu, akabonyeza tena, likabaki kavu. Akaniangalia.

"Nenda nyumbani, mama. Sitaki kukuona hapa tena."

Aliniachia fimbo moja tu. Njia nzima katika basi watu waliimba, na Juma akapiga bodi kama ngoma. Kofia ya mbele haikugeuka, lakini ilikuwa inatikisika.

Tulishuka ng'ambo, mvua ikinyesha. Juma alikuwa na mizigo ya watu juu ya basi, hakuweza kuja. Ng'ambo ya pili niliona Mzee Ouma na Ajiambo wamesimama chini ya kibanda cha soko. Magari ya vijana wa kahawa yalikuwa yanapita, maji yanaruka. Nikashindwa. Nimepona, karatasi ninayo, na siwezi kuvuka barabara.

Wandera alikuwa amesimama mbele yangu kidogo, mgongo kwangu. Mwavuli alikuwa nao, na mvua ilikuwa inamnyeshea, na hakuufungua. Akaushika kwa ncha, akaupitisha nyuma ya mgongo wake, mpini ukaja upande wangu. Sikuelewa.

"Shika, mama!" Juma akapiga kelele kutoka juu ya basi. "Shika mwavuli!"

Nikashika. Wandera akainua mkono wake mwingine juu kabisa, akaingia barabarani. Gari moja likasimama. La pili likasimama. Tukaenda, yeye mbele, mimi nyuma, mwavuli kati yetu. Katikati, karibu na pale aliponigonga, akasimama. Kugeuka hawezi. Kuniuliza hawezi. Na Juma yuko mbali.

"Yuko?" akaiuliza mvua.

Mimi nami kumjibu siwezi. Nikavuta mwavuli mara moja, kwa nguvu. Akaendelea.

Tulifika upande wa soko. Mzee Ouma aliniangalia mguu, kuanzia juu mpaka chini. Nyuma yake Ajiambo alikuwa na sanduku lake miguuni, na wale mbuzi hawakuwa nje tena, nilikuja kuambiwa baadaye, Mzee alikuwa amewaingiza zizini asubuhi. Kisha akaangalia mkono wangu, na mimi ndipo nikaona kwamba bado nimeushika ule mpini kwa vidole vyote, na mkwe wangu bado ameshika ncha, amesimama, hajui aende wapi.

"Mwachilie sasa," Mzee Ouma akaniambia. "Ana mke wa kupeleka nyumbani."

Nikaachilia. Wakaenda kwa miguu, Ajiambo mbele na sanduku kichwani, Wandera nyuma akimfunika kwa mwavuli, na mimi nikageuza uso kama inavyotakiwa.